UZI: Kwotabeki wa chuo atatusua NFL au atachemka? Tuchambue namna ya kumjua kabla hajachaguliwa

#1 Mgosi wa Ohio

Wakuu habari za muda huu. Uzi huu ni wa wale tunaofuatilia futiboli ya Kimarekani, na tunamjadili kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anapotoka chuo kwenda NFL, ligi kuu ya kulipwa ya kule, na nyie wa Simba na Yanga karibuni ila msije kuniuliza kwa nini wanashika mpira kwa mikono, hilo tulishalimaliza.

Kila ikikaribia drafti (timu za NFL zinapochagua wachezaji wa chuo kwa zamu) mwezi wa nne kelele ni zilezile. Dogo anarusha yadi 70, dogo kashinda Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa chuo), dogo mrefu, timu inauza mpaka chaguo zake za mwakani ili impate, halafu miaka mitatu mbele unamkuta benchi kavaa kapelo kashika tableti. Na wanaochagua sio wajinga jamani, wana maskauti wanazunguka nchi nzima, wana madaktari, wana watu wa namba, wanamhoji mpaka kocha wake wa sekondari, na bado wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwaka 1998 ubishi ulikuwa Peyton Manning wa Tennessee au Ryan Leaf wa Washington State, na kuna watu na akili zao timamu walimtaka Leaf. Colts wakambeba Manning namba 1 (yaani chaguo la kwanza la drafti), Chargers wakambeba Leaf namba 2. Msimu wa kwanza Manning akatoa intasepsheni 28 (pasi zilizodakwa na wapinzani) na timu ikashinda mechi 3 kati ya 16, yaani ukiangalia namba tupu ungesema na yeye kachemka. Leaf akatoa tachidauni 2 (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani) na intasepsheni 15, na kuna mechi na Kansas City pasi iliyofika ni 1 kati ya 15, yadi 4. Yadi nne wakuu! Mmoja akaishia kuwa kati ya wakubwa wa muda wote, mwingine alikuwa anagombana na waandishi chumba cha kubadilishia nguo (siku hizi katulia, anachambua mechi, na anachambua vizuri tu).

Sasa hoja yangu ndo hii. Mkanda wa chuo asilimia kubwa unakuonyesha kocha, haukuonyeshi dogo. Ukitaka kumjua dogo tupa pembeni mipira yote ambayo mpango wa kocha ulifanya kazi, baki na ile ambayo mpango ulikufa mapema na dogo akabaki yeye na miguu yake na macho yake na majitu ya kilo 130 yanamjia. Hiyo mipira ni michache, mechi nzima unaweza usiipate hata kumi, ila ndo kazi yenyewe atakayoenda kulipwa.

Nawaelezea kwa nini, maana kuna wanaodhani chuo na NFL ni mchezo mmoja ila huku watu wamekomaa zaidi. Zile alama mbili za katikati ya uwanja zinazoonyesha mpira uanzie wapi, chuo zimeachana futi 40, NFL zimeachana futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuo mpira unaanzia pembeni mara kwa mara na upande mmoja unabaki shamba zima, difensi (wale wanaozuia) lazima itanuke, na ikitanuka matundu yanajitokeza yenyewe, NFL mpira karibu muda wote uko katikati. Halafu chuo watu wa laini (wale wanaomlinda kwotabeki) wanaruhusiwa kwenda mbele mpaka yadi 3 hata kama mpira utarushwa, NFL ni yadi 1, ndo maana ile michezo ya nusu kukimbia nusu kurusha inaua sana chuo, difensi haijui imkabe nani na kwotabeki anamsoma mtu mmoja tu basi. Na kwa miaka mingi kwotabeki wa chuo alikuwa anageuza shingo pembeni, kocha anasoma difensi, wanainua mabango yana picha za ajabu ajabu, dogo anapokea jibu limeshapikwa. Redio ndani ya helmeti NFL ipo siku nyingi ila inakatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mpira, hapo kila kitu ni juu yako. Chuo imeruhusiwa mwaka 2024.

Kwa hiyo dogo anaweza kumaliza chuo ana tachidauni 40 na hajawahi kusoma difensi nzima hata siku moja. Simsemi vibaya, hakuambiwa asome.

Mimi nikikaa na mkanda naruka mpaka dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) ikiwa zimebaki yadi 7 na zaidi, na hapo natafuta ile ambayo presha imefika na risiva (mpokea pasi) wa kwanza kakabwa. Macho yanabaki mbele au yanashuka kuangalia wanaokuja? Anapiga hatua moja mbele ndani ya poketi (pale anapolindwa na laini) au anageuka anakimbilia nyuma? Mpira anautoa au anang'ang'ania mpaka aangushwe? Na hapa mjue NCAA (wasimamizi wa michezo ya vyuo) wanaweka yadi za kuangushwa kwenye hesabu ya kukimbia, kwa hiyo dogo kaangushwa mara 5 lakini takwimu zake za kurusha zinang'aa kama hakuna kilichotokea.

Cha pili ni idadi ya mechi alizoanza. Mitchell Trubisky alianza mechi 13 tu pale North Carolina, Bears wakapanda kumchukua namba 2 mwaka 2017. Anthony Richardson 13 pale Florida, Colts wakamchukua namba 4 mwaka 2023. Mechi 13 hazitoshi kukutana na kila aina ya balaa.

Karibuni mtie neno.

#2 Buda wa Arlington

Mgosi umenena lakini hapo kwa timu umepita kama hujaona, na hiyo ndio kitu kubwa kabisa. Mimi husema hivi, nusu ya jibu haiko kwa huyo kijana, iko kwa nani amemchukua.

Jared Goff alitoka California akachukuliwa namba 1 mwaka 2016, akaanza mechi 7 akapoteza zote 7, watu wakasema huyu ni takataka. Mwaka uliofuata akaja Sean McVay, kijana yuleyule, mkono uleule, Rams wakashinda mechi 11, na msimu wa 2018 wakafika Super Bowl, fainali kuu ya NFL. Halafu wakamtupa Detroit wakidhani wamemaliza naye, na huko Detroit akawapeleka mpaka fainali ya NFC (nusu moja ya ligi) na mwaka 2024 wakashinda mechi 15. Sasa niambie hiyo mikanda yako ya dauni ya tatu ingesema nini kumhusu?

Alex Smith, namba 1 mwaka 2005, miaka yake ya kwanza San Francisco karibu kila msimu alikuwa anapewa kocha mpya wa mashambulizi. Kila mwaka kitabu kipya cha mipango, lugha mpya. Jim Harbaugh alipokuja 2011 ghafla Alex Smith akawa anajua mpira. David Carr naye maze, Houston ilikuwa timu mpya kabisa 2002, akaangushwa mara 76 kwa msimu mmoja, hiyo rekodi bado iko. Hakuna mtu anatoka hapo akiwa sawa.

Na Sam Darnold, Jets walimuita mbaya, Panthers wakamuita mbaya, 2024 akaenda Minnesota kwa Kevin O'Connell wakashinda mechi 14. Ukitaka kujua kama kijana ataweza usiangalie kijana peke yake, angalia mwenye timu, angalia kocha amebakiza miaka mingapi kwa mkataba, angalia laini.

#3 BintiPangani

Samahanini mimi mgeni humu, mume wangu ndo anaangalia nikaanza kupenda. Kwani si sawa na mchezaji anang'ara Ndondo Cup halafu akisajiliwa timu ya Ligi Kuu haonekani? Kuna kipi cha ajabu hapo? Na kwa nini kelele zote ni kwa huyu kwotabeki tu, mbona wengine wanachaguliwa hamuwabishanii?

#4 Mgosi wa Ohio

@BintiPangani karibu sana dada. Ni hivyohivyo, sema wa Ndondo akipanda Ligi Kuu anakuta mchezo uleule na kiwanja kilekile. Kwotabeki anakuta kazi yenyewe imebadilika. Kabla mpira haujaanza yeye ndo anapokea mpango kwenye redio, anawaambia wenzake, anaangalia difensi imekaaje, akiona mtego anabadilisha, halafu mpira ukitoka ana kama sekunde mbili na nusu tu. Mkimbiaji yeye anapewa mpira anakimbia, chuo alikimbia na huku anakimbia, ndo maana kumkisia ni rahisi kidogo. Na kwotabeki anayecheza ni mmoja, timu ziko 32, kwa hiyo ukimkosa huyu unakaa unateseka miaka.

@Buda wa Arlington sikatai mambo ya timu, nakazia kabisa. Ila angalia vizuri mifano yako. Goff, Smith, Darnold, wote hao walipopewa nafasi nzuri kilitoka kitu ambacho tayari kilikuwepo. Goff Cal alikuwa anapigwa kila wiki, msimu wake wa kwanza pale walishinda mechi 1 tu mwaka mzima, na alikuwa anasimama anarusha huku anaangushwa. Hiyo mikanda ingekuambia dogo haogopi. Haikuambii lini atafanikiwa, hilo nakupa.

#5 Jeshi la Mtu 1

Mgosi unatuchosha na dauni ya tatu. JOSH ALLEN. Basi nimemaliza.

Haya namalizia. Wyoming, asilimia 56.2 ya pasi kufika, chuo kidogo, wachambuzi wote wa namba walisema huyu hapana, harushi sawasawa na kurusha sawasawa hakufundishiki. Kabla ya hapo hakuna chuo kikubwa kilimtaka, kaanzia chuo cha jamii Reedley huko California. Bills wakamchukua namba 7 mwaka 2018. Leo ni MVP (mchezaji bora wa ligi) wa 2024. Nyie watu wa kuchambua chambua mngemwacha.

#6 Mgosi wa Ohio

Nilijua utakuja tu hahaha. Allen ndo hatari kuliko Leaf, nakuambia ukweli. Leaf alifundisha watu waogope, Allen kawafundisha watu watumaini.

Angalia njia aliyopita. Msimu wa kwanza asilimia 52.8, wa pili 58.8, wa tatu 69.2. Unaona hiyo ngazi? Katikati hapo alienda kutengeneza upya namna anavyosimama na kurusha akiwa na Jordan Palmer, Bills hawakumfukuza kocha, kocha wa mashambulizi Brian Daboll akabaki naye misimu minne, na mwaka 2020 wakamletea Stefon Diggs. Hapo @Buda anapata pointi zake. Kurusha sawasawa kumbe kunafundishika, ila kwa mtu mwenye kichwa hicho na timu yenye subira hiyo, na vyote viwili kwa pamoja ni nadra kama nini.

Sasa tangu hapo kila dogo mwenye mwili mkubwa na mkono mkubwa anayekosa kosa anaitwa Allen ajaye. Richardson chuo pasi zake hazikufika asilimia 55, watu wakasema Allen naye alikuwa hivyo. Mwaka wake wa pili NFL, 2024, akamaliza na asilimia 47.7. Wiki moja kocha kamuweka benchi, wiki kadhaa mbele kamrudisha. Simhukumu dogo kwa sababu kaumia sana na bado kijana, lakini jina la Allen lilimuuza kwa bei ambayo mkanda wake haukuifikia.

Na tukumbuke drafti hiyohiyo ya 2018, Mayfield namba 1, Darnold namba 3, Allen 7, Josh Rosen 10, Lamar Jackson 32 chaguo la mwisho la raundi ya kwanza. Rosen ndo aliitwa aliyeiva kuliko wote, yaani wa kuingia na kucheza kesho. Arizona wakampa mwaka mmoja tu wakamchukua Kyler Murray juu yake. Lamar ana Heisman ya 2016 kutoka Louisville na kuna wazee walitaka ageuzwe awe risiva! MVP mara mbili huyo, 2019 alipata kura zote.

#7 Mnyalu wa Iowa

Kamwene wakubwa. Nimechelewa lakini siwezi kupita uzi wa kwotabeki bila kumtaja mtoto wetu wa Ames, Brock Purdy. Iowa State kacheza misimu minne, mechi alizoanza ni zaidi ya 40, sio hao wenu wa mechi 13. Kila mtu hapa Iowa alijua yule dogo ana akili ya mpira, lakini kwa vile sio mrefu na mkono ni wa kawaida, kaachwa mpaka chaguo namba 262 mwaka 2022, la mwisho kabisa kwenye drafti nzima, yule anayepewa jina la utani la asiye na umuhimu. Msimu wake wa pili akaifikisha 49ers Super Bowl dhidi ya Chiefs, 49ers wakafungwa 25 kwa 22 muda wa nyongeza. Mwaka 2025 kasaini dola milioni 265 miaka mitano. Asiye na umuhimu ndo huyo.

Na timu hiyohiyo ya 49ers mwaka mmoja nyuma ilitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza na nyongeza juu ili wapande namba 3 wamchukue Trey Lance wa North Dakota State. Lance msimu wa 2019 alirusha tachidauni 28 hakuna hata intasepsheni moja, timu haikufungwa, lakini daraja la chini lile, halafu 2020 korona ikaja akacheza mechi moja tu. Sasa @Buda wa Arlington, kocha ni yuleyule Kyle Shanahan, kitabu kilekile, risiva walewale. Kama ni timu tu mbona mmoja kaenda Dallas kwa chaguo la raundi ya nne na mwingine anaogelea kwenye hela?

#8 Buda wa Arlington

Wee Mnyalu wacha kuharakisha. Lance alivunjika kifundo cha mguu mechi ya pili ya 2022. Kwa 49ers alianza mechi 4 tu kwa jumla! Huyo hakujaribiwa akashindwa, huyo hakujaribiwa kabisa. Garoppolo naye akavunjika mguu mwezi wa kumi na mbili ndio Purdy akaingia, na akakuta timu imeiva, Christian McCaffrey ashaletwa, Deebo yuko, Kittle yuko, Trent Williams anamlinda. Unataka kuniambia ukimpeleka Purdy huyo kwa Jets ile ya Zach Wilson tungekuwa tunamtaja leo?

#9 Mgosi wa Ohio

Hapo wote mko sawa kidogo kidogo, ndo utamu wa huu ubishi.

Ila Buda jiulize, kwa nini Purdy alikuwa tayari siku ile? Hakupewa mazoezi ya mtu wa kwanza, alikuwa namba tatu kwenye foleni, kaingizwa katikati ya mechi na Miami na akacheza kama mtu anayeijua kazi. Misimu minne ya Iowa State hakuwa na laini ya Alabama, kila Jumamosi mpango unakufa na yeye anatafuta njia, na kweli alikuwa anafanya mambo ya hovyo mengi tu, intasepsheni za ajabu ajabu. Lakini alishakutana na kila kitu. Lance mazoezini pengine alikuwa na kila kipaji isipokuwa hiyo historia.

Zach Wilson nashukuru umemtaja maana ndo mfano wangu wa upande wa pili. BYU 2020, mwaka wa korona, ratiba ikavurugika, timu nyingi kubwa zikafuta mechi nao, dogo akawa anasimama nyuma ya laini kama yuko sebuleni, anarusha mabomu. Akaenda kwenye siku ya majaribio akarusha ule mpira wa kukimbia upande mmoja na kurusha upande mwingine, intaneti nzima ikalipuka. Jets wakamchukua namba 2 mwaka 2021. Hakuna aliyewahi kumuona mpango ukiwa umekufa kwa sababu mwaka ule haukufa. Jets nao ni Jets, sawa, lakini Jets hawakumfundisha kurudi nyuma yadi 15 akishtuka.

#10 BintiPangani

Nauliza tena jamani, kumbe si wanapimwa akili pia? Mume wangu anasema kuna mtihani, na wanapima mpaka viganja. Viganja vinahusiana nini?

#11 Mgosi wa Ohio

@BintiPangani wanapima kila kitu pale Indianapolis kwenye Combine (majaribio ya kabla ya drafti). Kiganja hoja yao ni baridi na mvua, mpira unateleza. Joe Burrow kiganja chake kilipimwa inchi 9 wakaanza kelele, yeye mwenyewe akaandika kwa utani anafikiria kustaafu, na alikuwa ametoka kurusha tachidauni 60 LSU msimu wa 2019. Namba 1 mwaka 2020 na Super Bowl kafika msimu wa pili. Tom Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mimi na kitambi changu tungeongozana, akachukuliwa namba 199 na akaondoka na Super Bowl 7. Mambo ya kupima mwili yanakuambia nani asicheze, hayakuambii nani acheze.

Mtihani wa akili wa zamani ulikuwa Wonderlic, maswali 50 dakika 12, NFL wakauondoa Combine mwaka 2022. Ukaja mwingine wa kompyuta, S2, na hapa ndo napenda kumzungumzia C.J. Stroud kwa sababu nipo naye mji mmoja enzi hizo. Kabla ya drafti ya 2023 zikavuja habari kwamba kafanya vibaya S2, wakati Bryce Young wa Alabama kapasua. Ukiongeza na ule usemi kwamba kwotabeki wa Ohio State wote wanabebwa na risiva, watu wakaanza kumshusha. Panthers wakatoa DJ Moore na furushi la chaguo, mojawapo likaja kuwa namba 1 ya mwaka uliofuata, wakamchukua Young.

Mimi sikuwa na wasiwasi na Stroud kwa sababu ya mechi moja. Tarehe 31 Desemba 2022, nusu fainali na Georgia, difensi ambayo ilikuwa imejaa watu wa NFL watupu. Misimu miwili Stroud alikuwa hakimbii, hatoki, kila kitu safi, na kweli kwa mechi zile ningemtilia shaka kama wengine. Usiku ule mpango ulikufa tangu mapema. Marvin Harrison Jr. akapigwa kichwani akatoka. Na dogo akawa mtu mwingine, anatoka poketi, anakimbia, anasimama, anarusha huku anasogea, yadi 348 tachidauni 4, na wakafungwa 42 kwa 41 kwa sababu mpira wa teke wa mwisho ulipotea njia saa sita ya usiku wa mwaka mpya. Bar nzima Columbus watu wanalia, mimi nasema huyu anaenda kucheza.

Houston wakamchukua namba 2, msimu wa kwanza yadi 4,108, tachidauni 23, intasepsheni 5. Intasepsheni tano! Mwaka uliofuata laini ikaoza akaangushwa mara 52 na intasepsheni zikapanda mpaka 12, kwa hiyo @Buda njoo uchukue pointi yako nyingine, ipo hapa mezani.

#12 Jeshi la Mtu 1

Kwa hiyo unataka kuniambia mechi moja inatosha? Mbona Trubisky umemkataa kwa mechi 13 halafu Stroud unamkubali kwa moja?

#13 Mgosi wa Ohio

Stroud alianza misimu miwili, ile moja ilijibu swali ambalo zingine hazikuuliza. Ni tofauti. Trubisky hakuna hata moja ya namna hiyo ninayoikumbuka, na ile ya mwisho na Stanford kwenye Sun Bowl walipokuwa wanatafuta kusawazisha aliangushwa ikaisha.

Na Cam Newton kabla hujamleta, najua unamleta. Auburn kaanza msimu mmoja, mechi 14, namba 1 mwaka 2011, MVP 2015. Ila kabla ya hapo alikuwa Blinn, chuo cha jamii Texas, akabeba ubingwa, na mwili ule hata mpango ukifa anauzika mwenyewe na kuufufua. Mwili kama ule sijauona tena.

#14 Mnyalu wa Iowa

Mgosi vipi hawa wazee wazee wa siku hizi? Tangu milango ya kuhama vyuo ifunguliwe na hela za matangazo ziingie 2021 watoto hawatoki chuoni. Bo Nix kaanza mechi 61, rekodi ya wakati huo, Auburn miaka mitatu Oregon miwili, kaingia NFL ana miaka 24. Si anacheza na watoto wa miaka 19 huyo?

#15 Mgosi wa Ohio

Swali zuri na ndo limenibadilishia namna ya kuangalia. Zamani mechi nyingi zilimaanisha dogo mzuri aliaminiwa mapema. Siku hizi mechi nyingi zinaweza kumaanisha hakuna aliyemtaka mwaka wa tatu. Kwa hiyo naangalia mwaka wa pili na wa nne, napima kilichobadilika. Jayden Daniels Arizona State alikuwa mwembamba anayekimbia, LSU mwaka wa mwisho akawa anasoma uwanja mzima, akachukua Heisman, namba 2 mwaka 2024 na kaipeleka Washington fainali ya NFC mwaka wake wa kwanza.

Nix Auburn alikuwa anakimbia hovyo kila presha ikija, Oregon akawa anautoa mpira haraka. Watu wakasema pasi fupi tupu, kocha anambeba, namba 12. Drafti ile walitoka makwotabeki 6 ndani ya chaguo 12 za kwanza, kwa hiyo tuna maabara. Caleb Williams namba 1, kipaji cha ajabu, USC alikuwa anashikilia mpira anatafuta muujiza na mara nyingi anaupata. Mwaka 2024 Chicago kaangushwa mara 68. Nix Denver akaangushwa 24 na tachidauni 29, na wakaenda mchujo. Laini za timu mbili hazilingani, nalijua hilo, lakini tabia ya kushikilia mpira mtu anahama nayo kwenye begi. Na Caleb bado namkubali kuliko wengi humu, msinielewe vibaya.

#16 Buda wa Arlington

Na Shedeur Sanders? Hapo sasa tuone msimamo wako.

#17 Mgosi wa Ohio

Hahaha Buda unataka uzi ufungwe. 2025, wengine walimtabiria raundi ya kwanza, akasubiri mpaka raundi ya tano namba 144, na Browns waliomchukua walikuwa wameshamchukua Dillon Gabriel raundi ya tatu. Colorado 2024 asilimia 74 ya pasi zilifika, hakuna aliyemzidi nchi nzima. Na misimu miwili Colorado kaangushwa zaidi ya mara 90. Laini ilikuwa mbovu, macho tunayo. Lakini chukua zile 90, kaa nazo jioni moja na chai, hesabu ngapi laini ilivunjika ndani ya sekunde mbili na ngapi yeye karudi nyuma mwenyewe mpaka akawafuata wanaomkimbiza. Nimefanya hivyo na jibu langu ni kwamba raundi ya kwanza ilikuwa mbali, na 144 ilikuwa uonevu. Raundi ya pili au ya tatu ningemchukua bila kufumba macho. Yaliyobaki ni mambo ya jina la baba yake Deion Sanders, staa wa zamani wa NFL, sitaki kuingia huko.

#18 BintiPangani

Nimeelewa sasa. Nianze kuangalia mechi gani ya zamani ili nione hicho mnachosema, ila isiwe ya kuboa.

#19 Mgosi wa Ohio

Oklahoma na Texas Tech, Oktoba 2016, ipo mtandaoni. Upande mmoja Baker Mayfield, mwingine Patrick Mahomes, yadi 734 za kurusha na bado kafungwa, 66 kwa 59, difensi yao ilikuwa inapitika kama stendi ya Ubungo enzi zile. Wakati huo wote walisema huyu ni zao la mfumo wa Texas Tech, na wa mfumo ule hawatusui NFL, Bears wakampita, Chiefs wakapanda kutoka 27 mpaka 10 wakamchukua na kumkalisha karibu mwaka mzima nyuma ya Alex Smith. We usiangalie tachidauni. Mpira ukianza weka macho kwa Mahomes peke yake, subiri ile ambayo risiva wa kwanza hayupo, halafu rudisha nyuma uangalie miguu. Andaa chakula cha kutosha maana mechi ni ndefu, na mzee naye mkalishe hapo pembeni.